Kontakta ya Tatu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Kontakta ya pili imeungua. Ni kile kisanduku kinachopokea umeme na kuupeleka kwenye mota ya mashine ya kusaga. Umeme ulikuwa mdogo, ikawa inatetemeka, nikaibana kwa kijiti cha mkaratusi itulie. Ikatulia moja kwa moja. Moshi hadi barabarani. Mama mkwe, mwenye mashine, hakugombeza. Amesema tu ya tatu ikiungua, ufunguo unakwenda kwa shemeji Frednand. Huyo hata kufunga gunia hajui!

Jumanne, 4 Machi
Amekuja fundi Ildefonsa kutoka Biharamulo mjini. Mtu mdogo, sauti ndogo. Kafunga mpya, kisha kaifungua ile iliyokufa, kainusa, kaniuliza kwa nini nawasha mashine ikiwa imejaa mahindi. Nani kamwambia? Nimeogopa. Kasema mota ikianza kuzunguka hunywa umeme hata mara sita ya kawaida, na wote unapita kwenye vipande vidogo vya chuma, cheche zikivila kila ninapowasha. Mara sita! Chakula kimenishinda.

Masharti: niwashe ikiwa tupu, umeme ukiwa mdogo nisubiri, nisiwashe na kuzima ovyo. Nimeyaandika ukutani kwa mkaa.

Alhamisi, 6 Machi
Maajabu. Naiwasha tupu. Tak! Mota inaamka taratibu, inaimba, ndipo mahindi yanaingia. Mke wangu Scolastica kasema kumbe naweza kuelekezwa. Machozi yalinilengalenga. Frednand alisimama mlangoni, nikaizima nikaiwasha tena, aone.

Jumamosi, 8 Machi
Mwalimu Celestini hakuwahi kuiona ikiamka. Nimemwonyesha. Wauza ndizi pia. Na wagonjwa waliokuwa wakienda zahanati. Wote nimewaonyesha ikiwa tupu, kama fundi alivyoagiza. Hadi saa sita, mara ishirini na saba. Kila mara nywele zinanisimama.

Saa nane nimebonyeza, tak haikuja. Imekuja harufu.

Jumatano, 12 Machi
Mama mkwe alichukua ufunguo mbele ya wanangu. Imeniuma sana. Scolastica haniongeleshi. Nimejichunguza: sharti la kwanza nilifuata, la pili nilifuata. Basi kosa ni la kontakta.

Frednand kapewa mpya. Anaiwasha asubuhi mara moja, anaizima jioni. Mara moja! Watu wa kijiji chetu, Bisibo, wanapita hapo bila kuona chochote. Nimemwonea huruma, hana mtu wa kumwelekeza. Kesho nampelekea kwaya ya vijana, waione ikiamka.