Mpira Kifuani

Jamani, leo nimeadhirika. Mbele ya watu, mbele ya chui, na mbele ya nyani ninayemlisha mwenyewe.

Mnajua kazi yangu pale kwa tajiri: kuwatunza wanyama wanaongoja meli ya kuwapeleka ng'ambo. Ijumaa watu wakitoka msikitini huja kuwatazama. Basi mimi nimejipa kazi ya pili ambayo hakuna aliyenituma (kiherehere changu mnakijua). Mtu akishamshangaa chui, namvuta hadi kwenye mmea wa mpira unaotambaa nyuma ya kizimba. Namwambia, huu gema utomvu wake, shina usiliguse. Maana huku pwani mipira tumeshaikata yote, imebaki ile ya msitu wa Fukayosi.

Na leo kaja nani? Mzee Kibwana wa Fukayosi mwenyewe, na wanawe, mapanga kiunoni. Kesho wanaingia msituni kukata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chui yuko wapi?"

"Yupo. Kwanza tazama huu mpira. Ukiugema, mwakani unaukuta."

"Kugema kunachelewesha, mwanangu. Ukikata shina unapata wote mara moja."

"Na wajukuu watakata nini?"

Akainama kulitazama shina. Nikaona nimempata, na hapo ndipo nilipoharibu. Wagemaji hujipaka utomvu mkononi, ukikauka wanaubandua. Tena hunyoa kwanza. Mimi nikaugema ule mpira, nikavua kanzu, nikajipaka utomvu kifua kizima, waone vizuri. (Kifua changu mnakifahamu. Ni kichaka.) Ukakauka huku tukimtazama chui.

"Sasa tazameni," nikasema. "Unabanduka wenyewe, wala hauumi."

Nikavuta.

Wallahi, yowe nililopiga lilimrudisha chui pembeni mwa kizimba. Nyani naye akanijibu. Machozi yananitoka, mpira nusu umebanduka, nusu unaning'inia na nywele zangu. Wale vijana wamekaa chini kwa kicheko. Nikajua msitu umekwisha, na aliyeumaliza ni mimi na domo langu. Iliniuma kuliko kifua.

Mzee Kibwana peke yake hakucheka. Akaniokotea kanzu.

"Pole sana, mwanangu. Yote haya kwa ajili ya mmea tu?"

"Ndiyo, mzee."

Akawageukia wanawe.

"Kesho hatukati. Tutagema. Ila nyie mtanyoa kwanza."

Basi ndiyo hivyo. Upande wa kushoto mpira bado umeng'ang'ania. Anayetaka kucheka aje kwanza aubandue.