Migomba kwenye Meza ya Bwana Marcelino

Jumatatu, 5 Machi 1956

Siku ya heri! Kiti cha karani mkuu ki wazi. Bwana Marcelino, Mgoa anayeongoza ofisi yetu ya forodha bandarini, atamteua mtu Ijumaa. Tuko wawili tu: mimi, Eliakimu, mwenye stashahada ya Makerere, na Hamis, mzaliwa wa mtaa wa Gerezani hapa mjini, mwenye kupiga mluzi kazini.

Nimesoma gazetini kwamba michoro anayoichora mtu bila kufikiri, akiwa na simu sikioni, hufichua hali ya moyo wake. Pembe kali: hasira. Duara: furaha. Elimu hii Hamis hana! Nitaichunguza karatasi ya Bwana ya kukaushia wino, kisha nitawasilisha maombi yangu siku ya maduara.

Jumanne, 6 Machi

Nilichungulia mara nne. Bwana aliniuliza kama shingo inaniuma. Hamis alinishauri nikandwe kwa mafuta ya nazi. Mtu asiye na haya!

Jioni, Mtaa wa Sikukuu, mwenye nyumba wangu Bi. Tatu aliona nilichokichora pembezoni mwa gazeti huku nikingoja vitumbua vyake.

“Huu si mgomba, mwanangu, chini ya mlima? Na huyu ng'ombe? Umemkumbuka mama.”

Nilimfafanulia, kwa heshima zote, kwamba mlima ni cheo, migomba ni makarani watakaosimama chini yangu, na ng'ombe ni pensheni. Akasema basi pensheni yangu inataka majani.

Moshi wa kuni uliingia uani. Nyumbani Machame, saa kama hii, mama hurudi na mzigo wa majani kichwani, akiniita tangu kwenye mfereji. Kwa nini ninaandika haya? Hayahusiani na kazi.

Jumatano, 7 Machi

Uvumbuzi! Bwana alipokwenda kula, niliichukua karatasi yake na, ili meza isibaki tupu, nikatandika yangu. Zote ni za ofisi, zote za rangi ya waridi. Nani atatambua?

Yake imejaa maduara! Makubwa, madogo, mengine yamepitiwa kalamu hata karatasi ikatoboka. Furaha isiyo na mfano!

Saa tisa nilipeleka barua yangu. Bwana alikuwa ameinamia meza. Akaniuliza kwa upole kama mama yangu yu hai. Nikajibu yu hai, na ana afya njema. Bila shaka wakubwa huulizia ukoo kabla ya kumpandisha mtu cheo.

Ijumaa, 9 Machi

Niliitwa. Nilikuwa nimevaa tai.

Bwana aliigeuza karatasi ya waridi inielekee. Karatasi yangu! Alikuwa amehesabu: migomba arobaini na mmoja, ng'ombe watatu, mwanamke mmoja mwenye mzigo wa majani. Alisema aliondoka Goa mwaka 1931 akiahidi kurudi baada ya miaka miwili. Mama yake alizikwa yeye akiwa hapa, akipokea shehena. Tangu siku hiyo mkono wake huchora nazi za uani kwao, na hajui kuuzuia.

Nazi! Gazeti halikutaja nazi.

Akasema karani mkuu hapati ruhusa miaka miwili ya mwanzo, na hatakubali kunifunga namna hiyo. Kiti amepewa Hamis. Mimi nimepewa mwezi mmoja wa kwenda nyumbani.

Hamis alinishika mkono. “Ukirudi niletee ndizi, Mchaga. Hiyo ndiyo amri yangu ya kwanza!”

Jumapili, 18 Machi, Machame

Mama aliniita tangu kwenye mfereji. Nililia kidogo, ni moshi.

Leo, akinisimulia habari za majirani, mkono wangu ulichora nyuma ya bahasha. Mama akauliza ni kitu gani. Nilitazama: duara kubwa, na ndani yake maduara saba. Chuma cha vitumbua cha Bi. Tatu, na moshi wake! Nikaisikia harufu ya iliki, na mluzi wa Hamis ukipita uchochoroni.

Kisha nikapata akili. Maduara saba! Vyeo saba vinavyoningoja! Kesho ninamwandikia Karani Mkuu Hamis kuomba nafasi ya msaidizi wake, na nitamsihi, katika bahasha ya majibu, anitilie karatasi yake ya kukaushia wino.