Wakilingana, kwa Kula

Jumatatu, 9 Agosti 1999

Bosi anaondoka mwisho wa mwezi. Mkataba umekwisha, anarudi kwao Ulaya. Nilisikitika kama robo saa hivi. Kisha akatangaza kwamba kiti chake cha kuzunguka, alichonunua kwa pesa yake mwenyewe, anamwachia atakayetwaa ubingwa wa Ligi ya Karatasi. Huzuni ikakatika.

Kile kiti! Magurudumu matano, mikono miwili, mgongo unaolala ukiuegemea. Mimi, mkuu wa ghala la chakula cha wakimbizi, mtu wa miaka arobaini na saba, nakalia debe tupu la mafuta lililofunikwa gunia. Nikiinuka, alama ya debe inabaki nyuma ya suruali hadi jioni.

Ligi ya Karatasi aliianzisha yeye. Tuko sita hapa kazini. Kila mmoja anaandika timu yake ya watu kumi na mmoja na watatu wa benchi, akiwachota popote kwenye Kombe la Ujirani: Mbuba, Kibimba, Nyabusozi, kambini. Wao wanacheza kweli Jumamosi na Jumapili, sisi tunavuna pointi. Mchezaji wako akifunga, tano. Akitoa pasi ya goli, tatu. Kipa wako asipofungwa, nne. Kila wiki unapambanishwa na mwenzako mmoja.

Wiki tano zimekwisha. Wanne wanaingia mtoano. Wa kwanza ni Desderius, msaidizi wangu. Angekuwa nani mwingine? Mwandiko mzuri, baiskeli inang'aa, suruali ina mkunjo wa kukatia mkate. Kila asubuhi ananiamkia "Shikamoo mzee" kwa sauti inayofika barabarani. Naitikia marahaba. Inaniuma mpaka saa nne.

Mimi ni wa tatu.

Jumatano, 11 Agosti

Bonaventura, dereva wetu na katibu wa ligi, amebandika kanuni za mtoano ubaoni. Wa kwanza anakutana na wa nne, wa pili na wa tatu. Washindi wanaingia fainali. Ni mtu mwema wa Mbuba, ila kaandika "magori yote yatahesabiwa" na chini yake "lefa hapingwi". Nilicheka peke yangu mpaka Desderius akaniuliza kama nataka maji.

Pointi zikilingana, kwanza inaangaliwa mlipokutana kwenye ligi, nani alimshinda nani. Ikiwa hapo napo mlitoka sare, zinahesabiwa pointi za benchi. Kulikuwa na mstari wa tatu pia. Sikuusoma. Desderius alikuwa amesimama mbele yake na shati jipya.

Jumapili, 15 Agosti

Nimeingia fainali. Niandike ukweli, kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu: nimeingia kwa mlango wa nyuma.

Nilikutana na Felisita, mpishi wetu. Kumi na nane kwa kumi na nane. Kwenye ligi nako tulikuwa tumetoka sare. Tukaenda benchi. Kipa wangu wa benchi, kijana wa Kibimba ambaye sikumpanga kwa sababu anaogopa mpira, hakufungwa hata goli moja. Nne. Benchi ya Felisita: wawili hawakufanya kitu, wa tatu alikwenda msibani Nyabusozi. Sifuri.

Felisita alifunga kanga yake upya. Akasema, "Haya baba. Umenishinda kwa watu waliokaa."

Desderius kamshinda mwenzake thelathini na moja kwa tisa. Akampa mkono na kumpa pole. Huyu mtu hata kushinda anashinda kwa adabu, inachosha.

Jumanne, 17 Agosti

Toka jana maharage yangu ni mchuzi mtupu. Felisita anasema chungu ndicho kinachopanga, si yeye.

Leo Bosi kamwambia Desderius akijaribu kile kiti. Alikaa. Akazunguka mara moja tu, polepole, kisha akainuka na kukifuta kwa leso yake. Nilikuwa nahesabu magunia. Nimehesabu gunia moja mara nne.

Kushindana naye kwa kuchagua wachezaji siwezi. Yeye anakwenda kuwatazama wakifanya mazoezi. Mimi huchagua kwa majina ninayoyakumbuka.

Nikaenda ubaoni kujiliwaza na mwandiko wa Bonaventura. Ndipo nikausoma ule mstari wa tatu. "Wakilingana hadi hapo, mshindi apatikane kwa kula."

Nikausoma tena. Nikatazama huku na huku. Desderius ana vidonda vya tumbo. Sahani yake hurudi jikoni na nusu. Mimi nilipooa, shemeji zangu walificha chakula chao uvunguni.

Basi sihitaji kumshinda. Nahitaji kulingana naye! Na hakuna kanuni inayokataza watu wawili kuandika timu moja. Wachezaji walewale, benchi ileile, pointi zilezile. Tulipokutana kwenye ligi tulitoka sare, kumi na nne kwa kumi na nne, wiki ile mechi mbili zilipovunjika kwa kukosa mpira. Barabara nyeupe kabisa mpaka mezani.

Jumatano, 18 Agosti

Mazoezi yameanza. Asubuhi ndizi kumi na mbili na maharage. Jioni ugali wa muhogo, bonge langu na la mke wangu, Restituta. Nilimwambia kwamba kazi imekuwa nyingi. Akajibu, "Baba Joyness, kama una minyoo sema, zahanati wanatoa dawa."

Tumbo langu linakaribia kuwa na akili zake lenyewe.

Ijumaa, 20 Agosti

Timu zilitakiwa kuwa ndani ya boksi la Bonaventura saa sita mchana. Saa nne Desderius aliandika yake, akiwa ameiziba kwa mkono mmoja kama mwanafunzi. Akaikunja, akaitumbukiza.

Lakini aliandikia juu ya kitabu cha kutolea mali. Na ndani ya kitabu ilikuwamo karatasi ya kaboni. Na Desderius, kwa uzuri wote wa mwandiko wake, anakandamiza kalamu.

Alipotoka kunywa chai, niliichomoa kaboni nikaipeleka dirishani. Majina yote yalikuwa yanaonekana, ila yamepandana na maandishi ya wiki nzima. Nusura nimpange Maharage Magunia Sitini beki wa kushoto. Mshambuliaji nilimtambua bila shida: Niyomugabo, fundi cherehani wa kambini. Nikanakili wote kumi na wanne. Saa sita kasoro dakika nne nikatumbukiza.

Mikono ilikuwa myeusi. Desderius aliporudi aliniuliza kama nimeshika mkaa. Nilisema ndiyo, nilikuwa namsaidia Felisita. Felisita alikuwa pale mlangoni. Alisema hanijui.

Jumamosi, 21 Agosti

Leo sili kitu. Nataka kesho nifike mtupu. Restituta kaweka ugali na samaki wa kukaanga mbele yangu, nikasukuma sahani. Kaanza kutafuta anwani ya padre.

Jumapili, 22 Agosti

Nisiharakishe. Niandike kwa mpangilio.

Kambi ilicheza na Kibimba. Niyomugabo kafunga matatu. Watu walinishangaa, kwa maana kila Desderius aliposhangilia nami nilishangilia, na alipojishika kichwa nami nilijishika. Kizunguzungu cha njaa kilinipata mara mbili. Nilishika nguzo ya goli, refa akanitoa uwanjani.

Jioni tulikusanyika ofisini, Bosi akiwa kwenye kiti, kwa mara ya mwisho. Bonaventura alijumlisha. Thelathini kwa thelathini. Akakuna kichwa. Mlipokutana: sare. Benchi: tatu kwa tatu. Desderius aliniinamia taratibu na kuuliza, "Mzee, mbona timu zetu ni mapacha?" Nikamwambia wanaojua mpira hufanana.

"Basi," akasema Bonaventura, "kama kanuni inavyosema, ni kula."

Nilivua saa. Nikalegeza mkanda matundu mawili. Nikanawa mikono kwenye ndoo, nikavuta debe langu hadi mezani, nikamwuliza Felisita kapika nini.

Felisita aliitazama ndoo, kisha akanitazama mimi.

"Sijapika kitu," alisema Felisita. "Leo Jumapili."

Nilimgeukia Bonaventura. Nilimwambia kanuni ni yake, kwa mkono wake, mshindi atapatikana kwa kula, sasa tutakula nini? Yeye alikuwa ameshavua kofia yake na ndani mna vikaratasi viwili vilivyokunjwa.

"Kula, mzee," alisema, akiitikisa kofia. "Kula hii. Ya kuokota. Kama ya kumchagua mbunge."

Bosi, ambaye Kiswahili chake kinatosha tu kuagiza mafuta, alimwuliza Desderius kwa nini watu wanalia. Desderius alikuwa ameegemea ukuta akicheka, leso yake usoni. Nilisema nakata rufaa. Nilisema kilichoandikwa kimeandikwa. Bonaventura aliumia kwelikweli, akasema yeye tangu shule anaandika hivyo na hakuna aliyewahi kumletea sahani.

Felisita ndiye aliyeteuliwa kuokota, kwa kuwa hana upande. Nilipinga hilo pia. Akaingiza mkono, hakutafuta, akatoa cha kwanza. Desderius.

Amepata kiti. Mimi nimebaki na mkanda uliolegea na njaa ya siku mbili. Nikamwuliza Felisita, kwa unyenyekevu, kama hakuna hata kiporo.

"Kura zimekwisha, baba," alisema. Huyu anaitamka vizuri, alilelewa na masista. "Kula ni kesho saa saba."

Jumatatu, 23 Agosti

Nilifika mapema nisimwone akikalia. Kiti hakipo. Desderius amefika kwa kuchelewa, jasho linamtoka, suruali haina mkunjo. Alikifunga kiti kwenye kibebeo cha baiskeli akakipeleka kambini. Kampa Niyomugabo. Kasema pointi zilikuwa za yule, si zake, na kwamba fundi anashona siku nzima juu ya kigogo na mgongo unamuua.

Nilimwambia amefanya vizuri. Kisha nikarudi kwenye magunia.

Jumatano, 25 Agosti

Haisemwi habari nyingine. Bosi kampiga picha. Bonaventura anasimulia kila anapopakia. Felisita kamwekea nyama tatu, nimezihesabu. Nyumbani nako Restituta anasema kijana yule ana moyo, ana moyo sana, na akaniuliza mimi ningeshinda ningempa nani kile kiti. Nilisema ningefikiria. Alicheka hadi akaweka mwiko chini.

Angekikalia ningemwonea wivu wa kiti tu. Sasa namwonea wivu wa kiti nisichokiona na sifa ninazozisikia.

Ijumaa, 27 Agosti

Nimekwenda kambini kumwona Niyomugabo. Kanipokea vizuri, kanipa kigogo nikalie, yeye yuko juu ya kiti. Kinazunguka bila kelele. Nilimpa pole ya mgongo. Akasema mgongo umepona, ila cherehani anayoshonea ni ya kukodi, na mwenyewe, Bizimana, anaitaka mwisho wa mwezi.

Nilirudi njia nzima nikitabasamu. Kiti ni nini? Kiti ni mahali pa kukalia. Anayempa fundi cherehani ndiye amempa kazi. Habari ya Desderius itakwisha siku hiyohiyo. Felisita itabidi anipe nyama nne.

Nimeipima cherehani yetu ya nyumbani kwa kamba. Inaingia kwenye kibebeo cha baiskeli bila kufungua meza. Naipeleka kesho alfajiri, kabla Restituta hajarudi kutoka kwa dada yake. Ni ya Restituta mwenyewe, alirithi kwa mama yake. Ila kwa jinsi alivyomsifu Desderius wiki hii, naamini atafurahi.