Tundu la Bomba Kwenye Paa la Sengu

Jumatatu, 6 Julai 1953
Baridi kali. Maji ya kunawa yanauma vidole. Jiko la chuma la nyumba ya mapadre, lile lililoachwa na Wajerumani, linavuja moshi kwenye maungio ya bomba. Mimi ndiye mchochea moto wake, najua hali yake. Padre amesema Jumamosi ataamua: kulitengeneza au kuagiza jipya. Akiagiza jipya, hili bovu nilichukue mimi. Amesema mwenyewe, mpishi akisikia!

Jioni nikaenda sengu, pale wanaume wa ukoo wetu tunapokula pamoja. Nikawatangazia kwamba jiko linakuja. Babu Ignatio, mkubwa wetu, akauliza moshi utatokea wapi. Nikapanda juu na panga papo hapo, nikatoboa paa. Tundu zuri, la duara. Wote waliacha kula, wakatazama juu. Nadhani ni furaha.

Jumanne, 7 Julai
Manyunyu tangu alfajiri. Tundu liko juu kabisa ya kiti cha Babu, na Babu hahami. Mahali pale alikaa baba yake. Amekula ugali uliolowa. Anakohoa. Amesema jiko lisipofika kufikia Jumapili, nitakula jikoni na wanawake na watoto. Mimi, Izidori, mwenye mke na ngoro sitini, mashimo yangu ya kulimia maharage mlimani!

Jumatano, 8 Julai
Binamu yangu Blasius, fundi mwashi, amemwambia Padre kwamba udongo wa kichuguu utaziba kila ufa. Nani alimuuliza?

Nikasokomeza majani mabichi ndani ya bomba ili jiko lionekane limekufa. Moshi ukajaa nyumba nzima. Padre akatoka nje machozi yakimtiririka. Blasius akaja na mti mrefu, akayachokonoa yote, akasema ni kiota cha ndege. Padre akamsifu. Na mimi nikamsifu, ningefanyaje.

Ijumaa, 10 Julai
Mama Emerensiana, mfinyanzi, amepanda kutoka Kihagara kule ziwani na vyungu vyake. Hakuna ajuaye udongo kama yeye. Nikamwamkia shikamoo, nikampa kibaba cha maharage, nikamwomba kesho amweleze Padre ukweli kuhusu udongo na chuma. Uongo nisingethubutu kumwomba mama mzima kama yule. Lakini ukweli si unajulikana? Udongo hauwezi kushikana na chuma. Nalala nikiwa na amani.

Jumamosi, 11 Julai
Unashikana.

Mama Emerensiana alilizunguka jiko mara moja tu. Akasema Blasius yuko sahihi, ila asage vigae vya vyungu vilivyovunjika, achanganye na udongo wake, kisha moto uwashwe mdogo kwanza. Akanigeukia na kusema kwamba amekula maharage yangu, hawezi kuniachia kazi nusu. Akakunja mikono ya gauni, akakandika kwa mikono yake. Kufikia jioni jiko linanguruma, hata chembe ya moshi hakuna. Nilitamani kulia.

Padre akaja kunishika mkono. Kumbe mpishi amemwambia kwamba mfinyanzi nilimleta mimi. Akasema hajaona mtu anayelipenda jiko kiasi hiki, na kwamba ana mabati mawili stoo, ni yangu nikiyataka.

Mabati! Bati moja lingeziba tundu lote. Lakini nikawaza: anayekataa kidogo hupewa kikubwa. Huenda akaniachia jiko lenyewe. Subira yavuta heri. Nikainamisha kichwa, nikasema sistahili, nafanya kazi kwa ajili ya Mungu.

Padre aliguswa sana. Mabati akampa Blasius.

Jumapili, 12 Julai
Baada ya misa Blasius alipanda juu ya sengu, akaziba tundu kwa bati moja. La pili amelitunza. Babu akambariki mbele ya wote.

Nimekula jikoni. Scolastika, mke wangu, amenipakulia bila kunitazama. Watoto wamemaliza mboga kabla sijakunja tonge la pili.

Nimetafakari sana kosa langu liko wapi, na sasa nimelipata. Nilikataa mara moja tu. Mtu mnyenyekevu hasa hukataa mara tatu. Padre akinipa kitu tena, chochote kile, nitakataa mpaka achoke.