Kinyozi wa Ukingo wa Mtaro

Jumapili, 3 Mei
Aibu! Huku kwetu, ibada ikiisha, watu huendesha magari polepole wakikagua mitaro ya wenzao, huku wakijifanya wanapunga upepo. Leo wote walipunguza mwendo mbele ya wangu. Nyasi za ukingoni zimefika kiunoni. Jirani yangu Basil Pask, ambaye ukingo wake umenyolewa kama kidevu cha bwana harusi, alishusha kioo. “Ambrose, mzee mwenzangu, bado upo hai au tukuzike humohumo porini?”

Nilimjibu kuwa nahifadhi panya wa maji. Alicheka mpaka miwani ikamwanguka. Wala si panya wa ghalani hawa! Ni wanene, pua butu, masikio yamezama kwenye manyoya, na makazi yao ni mashimo ya ukingoni. Zamani kila mtaro ulikuwa nao. Sasa tumebaki nao sisi tu. Imogen Fairclough, binti mtaalamu wa wanyama, alituambia tusikate nyasi, maana ndizo chakula chao na ndizo maficho yao. Atakuja Ijumaa kutafuta dalili. Akizikuta, ataleta wengine waongezwe kwa hawa. Asipozikuta, hao wapya atawapeleka kwingine.

Ingekuwa shauri langu, ningekata zamani. Lakini Hester, mke wangu, tangu atoke hospitali, kila asubuhi huchukua kigoda chake akaenda kumtazama mmoja wao akila jani kwa mikono miwili. Hakuna kingine kinachomtoa ndani. Naogopa siku atakapokosa sababu ya kutoka.

Jumatatu, 4 Mei
Nimepata akili! Nikate upande unaoonekana kutoka barabarani tu. Wapita njia wataona usafi, panya watabaki na pori lao nyuma. Ajabu wataalamu hawakuliwaza hili.

Hester alikwenda kliniki na dada yake. Nikawasha mashine. Mstari haukunyooka, nikausogeza kidogo. Bado ukapinda. Nikausogeza tena. Hatimaye umenyooka. Pori halipo.

Pask alipita, akapiga honi na kunivulia kofia. Nilifurahi kupita kiasi.

Jumatano, 6 Mei
Korongo amesimama ukingoni tangu alfajiri. Hahangaiki hata kutafuta. Amemmeza mmoja mbele ya macho ya Hester. Hester hakupiga kelele. Alibeba kigoda chake, akaingia ndani, akaniambia kwa upole kwamba chai ipo kwenye birika. Bora angenitukana.

Baadaye aliniambia kwamba miezi yote ile ya kugeuzwa kitandani na kulishwa kwa kijiko, alitamani kuona kitu kinachoishi bila kutunzwa na mtu. Nikasema korongo naye alikuwa na njaa. Kosa kubwa.

Ijumaa, 8 Mei
Mpango! Panya wa maji hukata majani mshazari na kuyaacha katika mafungu madogo nadhifu. Binti atatafuta mafungu. Mkasi wa kushonea wa Hester unakata mshazari vizuri kabisa. Nikamwandalia mafungu ya kupendeza. Moja nililipanga kama shada la maua.

Imogen alipiga magoti, akatazama kwa muda mrefu. Akasema panya huyu ana meno makali sana, tena ana bahati ya kumiliki mkasi. Nilikuwa nimeusahau kwenye matope! Hakucheka. “Mzee Leggett, hapa hawapo tena,” alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

Kisha akavuka daraja kwenda kwa Pask. Nyuma ya miti yake, Pask hajakata tangu Pasaka kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Humo binti akakuta vinyesi vibichi. Wamehamia kwa Pask! Mgongo umemfanya mhifadhi! Pask alisimama pale kama mtu aliyepata mjukuu.

Jumapili, 10 Mei
Hester amehamishia kigoda kwa Pask. Amepewa chai na keki ya tangawizi. Nawaona kutoka dirisha la jikoni. Sina wivu. Keki za Pask ni kavu.

Magari yamepita baada ya ibada, watu wakaniinulia vidole gumba. Nyumba ilikuwa kimya. Nikaenda kukaa pale alipozoea kukaa Hester, nikatazama maji. Hakuna kilichotumbukia. Nilimkosa sana mke wangu, na alikuwa ng’ambo ya mtaro tu.

Alhamisi, 11 Juni
Mashine sijaigusa tangu siku ile. Nyasi zimerudi, ndefu na za fujo. Pask ananiita chifu wa porini. Nilinyamaza, na kunyamaza si kazi ndogo kwangu.

Leo asubuhi, chubwi! Hester akaniita kutoka ukingoni kwetu, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu augue. “Ambrose, njoo! Amevuka, nimemsikia!” Nilikimbia na sabuni ya kunyolea usoni. Imogen amekuja, amethibitisha. Wale wengine wataletwa, wagawanywe kwetu na kwa Pask. Hester alinishika mkono hadi chai ikapoa. Nilikaribia kulia.

Tatizo ni moja tu. Akikaa, nyasi zinamziba, haoni kitu. Anasema kumsikia kunamtosha. Maskini, ananionea huruma. Kesho yupo kliniki. Nitamfungulia nafasi ya kuchungulia, pale mbele yake tu, iliyonyooka. Mashine nimeshaijaza mafuta.