Cherehani ya Namba Arobaini na Moja

Jumatatu, 22 Novemba 1999

Nimepata njia. Cherehani ni yangu!

Niandike vizuri, wajukuu waje wasome. Mradi wetu wa kupima samaki, hapa Mtongwe, utafanya sherehe ya mwisho wa mwaka tarehe 4 Desemba, kabla ya Ramadhani kuingia. Zawadi ya kura ni cherehani mpya ya miguu, na meza yake. Tikiti mia na ishirini, kila mtu moja: sisi wafanyakazi, wavuvi wanaotuletea samaki, na wake zao. Yangu ni namba 88.

Mwezi uliopita nilimwambia Bi Mwanatatu, mamake Dhahabu, kwamba cherehani ya bintiye nimeshaiagiza. Hakuniuliza. Nilikuwa nimekunywa kahawa yake vikombe vitatu, kimya kimezidi, mdomo ukajisemea. Tangu hapo kila nikipita kwake, mtaa wa Shika Adabu, huniuliza imefika wapi. Kwanza nilisema Dubai. Juzi nikasema bandarini. Bandarini na kwake ni kivuko kimoja tu cha feri! Akijua sikuagiza kitu, Dhahabu simpati tena. Na Dhahabu nampenda hadi urefu wa samaki naukosea.

Mwaka jana kura ilipigwa kwa vikaratasi ndani ya sufuria. Kikaratasi changu nilikilaza kwanza kwenye friza la samaki, ili mke wa mkurugenzi akitia mkono akitambue kwa baridi. Akakitambua. Akakitambua kwa harufu pia. Sherehe nzima ikanigeukia.

Kwa hiyo Bwana Nguma, mkurugenzi wetu, ameamua mwaka huu kura ipigwe na kompyuta, maana kompyuta haina mjomba. Na karani wa kompyuta ni nani? Mimi! Rispa, yule mtaalamu wetu wa takwimu, alikumbusha habari ya friza. Bwana Nguma akasema kompyuta haienei kwenye friza. Mtu mwenye busara sana.

Jumatano, 24 Novemba

Mambo yanakwenda. Kompyuta yetu inatumia S. S ni lugha ya takwimu: unaiandikia amri, inakupa wastani wa urefu wa samaki wote wa Likoni, changu na tafi. Ukitaka inakuchagulia namba kwa bahati. Ila si bahati hasa. Unaipa kwanza namba ya kuanzia, wanaiita mbegu. Mbegu ile ile, jibu lile lile, hata ujaribu hadi kiyama.

Hilo wenzangu hawalijui. Rispa analijua, lakini Rispa ana heshima zake.

Mkutanoni nikasimama nikapendekeza mbegu iwe namba ya pikapu ya mkurugenzi, 377. Kwa heshima yake. Nani atathubutu kukataa? Wakapiga makofi. Bwana Nguma aliinamisha kichwa kwa haya, lakini nilimwona ametabasamu.

Walipotoka nikaiambia S: mbegu 377, namba moja hadi mia na ishirini, nichagulie moja. 41. Nikarudia. 41. Mara kumi, 41 mara kumi. Nilicheka peke yangu hadi mlinzi akaja kuangalia.

Sasa ni kuipata tikiti 41 tu. Jambo dogo.

Ijumaa, 26 Novemba

Si jambo dogo. Tikiti 41 anayo Phineas, dereva wa ile ile pikapu.

Nilimwendea baada ya swala, kwa upole, nikamwambia nina ndoto na namba hiyo. Akasema hata yeye anayo, ndiyo miaka yake, ametimiza Julai. Nikampa 88 tubadilishane. Akakataa. Nikaongeza feni yangu ya mezani. Akaguna. Akaniuliza kile kiti changu cha kuzunguka bado kinazunguka?

Sasa nimekaa juu ya kreti la soda. Joto la Novemba lote ni langu. Mfukoni nina 41. Nimeitazama leo mara nyingi kuliko nilivyotazama kazi.

Jioni nikapita Shika Adabu, sikungoja kuulizwa. Shikamoo mama, cherehani inafika tarehe nne, jioni. Bi Mwanatatu akasema marahaba, na Mungu akipenda atakuwa amefagia mahali pa kuiweka. Dhahabu alinipitishia sahani ya mahamri akanitazama vile anavyotazama. Kreti hata silihisi.

Jumanne, 30 Novemba

Balaa. S imekufa.

Leseni yake ni ya mwaka mmoja, na mwaka umeisha leo. Asubuhi nimeiwasha, ikaniandikia nimpigie aliyeniuzia. Nikakimbilia kwa Bwana Nguma. Akasema halipii leseni hata moja hadi auone mwaka 2000 umeingia salama, maana redioni wanasema kompyuta zote zitapotelewa na tarehe. Nikamwambia, na kura je? Akasema Rispa ana dawa.

Dawa yenyewe inaitwa R. Ni mdogo wake S, imetengenezwa huko New Zealand, haiuzwi, na Rispa alipewa na mgeni mmoja kwenye CD. Hata toleo la kwanza halijafika, bado wanahesabu sifuri nukta kadhaa. Akaiweka kwenye kompyuta yangu kwa nusu saa. Nikaiandikia amri zangu za S. Ikazikubali! Herufi kwa herufi! Wastani wa changu uleule, hadi nukta ya mwisho.

Roho imetulia. Ni ndugu wa tumbo moja, wanasikia maneno yale yale. Rispa akaniambia nisizoee haraka, wamefanana sura lakini tabia kila mmoja na yake, na afadhali niijaribu ile 377 kabla ya siku yenyewe. Nikamwambia asante. Tangu lini ndugu wawili wakajumlisha mbili na mbili wakatofautiana? Isitoshe, alikuwa amesimama nyuma yangu. Nijaribu 377 mbele yake, aone 41, kisha aone tikiti yangu? Mimi si mtoto.

Alhamisi, 2 Desemba

Nimeingiza majina yote mia na ishirini kwenye R, ili kura itoe namba na jina la mshindi pamoja. Kazi ya saa nne, kwenye kreti, bila feni. Nimefika kwa mvuvi wa mwisho, umeme ukakatika Likoni nzima.

Sikujali. S ilikuwa na desturi nzuri: kila ukiipa kitu, inakiandika papo hapo kwenye diski. Zima, washa, unakikuta. Nikatoka nikanywa madafu mawili, nikapiga gumzo na mlinzi.

Umeme ukarudi. Nikawasha R, nikaiuliza majina yako wapi. Ikajibu haijui ninazungumzia nini. Majina gani? Haikuwahi kuyasikia!

Rispa akanieleza kwa utulivu wake unaoudhi. R inashika mambo yote kichwani hadi uiambie ihifadhi, na umeme ukikatika inasahau. Akasema alinieleza Jumanne. Huenda. Jumanne nilikuwa natazama tikiti yangu. Akaniuliza tena kama 377 nimeijaribu. Mwanamke huyu hachoki!

Nimeanza upya kuandika majina. Jina langu nimeliandika kwa namba 41 na la Phineas kwa 88, nikahifadhi mara sita.

Jumamosi, 4 Desemba

Siwezi kuandika. Naandika.

Watu walijaa uani. Pilau, soda, turubai la kukodi. Cherehani ilikuwa juu ya meza imefungwa utepe. Nimevaa kanzu iliyopigwa pasi na hotuba fupi ya shukrani nimeikunja mfukoni. Hata mkokoteni wa kuipeleka Shika Adabu nilishauweka tayari nyuma ya friza.

Kompyuta tuliitoa barazani. Nikaandika mbegu 377, Bwana Nguma akasogea aione namba yake kwenye kioo. Nikabonyeza. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sauti ya kutangazia, kubwa na ya furaha, kwa hiyo ilitoka yenyewe kabla macho hayajaelewa: "Themanini na nane! Phineas!"

Themanini na nane. Tikiti yangu! Tikiti niliyozaliwa nayo kwenye kura hii! Nimempa kwa mkono wangu, na feni juu, na kiti!

Phineas aliruka akaangusha kreti la soda. Mkewe, Margret, ni fundi wa nguo Changamwe, hushonea mashine ya kukodi. Aliikumbatia ile meza ya cherehani akalia, kisha akaja akanishika mikono yote miwili akanishukuru, kana kwamba nimemfanyia makusudi. Watu wakapiga makofi. Nami nikajikuta napiga. Niliona uchungu, na nilifurahi, vyote pamoja, na sijui nilivyofurahi nilifurahia nini.

Rispa alikuja kukaa karibu nami na sahani ya pilau. Hakucheka, namshukuru. Akaniambia: "Faki, S na R wote wanaelewa maneno yako, lakini kila mmoja anachanganya karata zake kivyake. Mbegu moja, namba tofauti."

Nimefikiri sana maneno yake wakati nikirudisha mkokoteni mtupu, na nimeelewa. S ilikuwa inanidanganya siku zote. R ndiyo msema kweli.

Jumapili, 5 Desemba

Nilikwenda Shika Adabu. Ningejificha, lakini Likoni ni ndogo.

Mahali palikuwa pamefagiliwa kweli. Pembeni mwa dirisha, na mkeka mpya. Moyo uliniuma. Hata hivyo nikaanza kusema forodha wameizuia. Bi Mwanatatu akaniuliza imekuja na meli gani. Nikatafuta jina la meli kichwani, nikataja la feri. Akakiweka kikombe chini. Akanijulisha kwamba nduguye ni karani katika lango la bandari, na wiki mbili sasa anaitafuta cherehani ya Faki, hata ya Faki mwingine hajaiona.

Basi nikasema yote. Kahawa vikombe vitatu, Dubai, friza, pikapu, 41, kiti, S, R. Nilisema muda mrefu. Nyuma ya pazia kulisikika mtu anajizuia, kisha pazia lote likaanguka chini na Dhahabu ndani yake, anacheka machozi yanamtoka. Akasema yeye kushona hajui wala hataki kujua, sindano humchoma vidole. Cherehani nzima ilikuwa yangu na mamake!

Bi Mwanatatu hakucheka. Aliniangalia kama samaki anayemshuku. Kisha akamgeukia bintiye, taratibu: "Huyu yuwadanganya vibaya mno. Hutataabika naye, mwanangu. Utamjua kabla hajafumbua kinywa. Na tarehe itajwe."

Nikah ni Januari, baada ya Idd. Wallahi nimeandika sentensi hiyo mara tatu kwenye karatasi nyingine ili niione. Nimerudi nyumbani kwa miguu, njia yote nawasalimu watu nisiowajua.

Jumatano, 8 Desemba

Mungu mkubwa. Nafasi imerudi!

Bwana Nguma amefurahi, kwa mara ya kwanza kura imepita bila mtu kushikwa shati. Kwa hiyo Januari ataipiga nyingine: wafadhili wametoa safari ya Lamu, watu wawili, siku saba. Fungate kamili! Kila mtu atabaki na tikiti yake ile ile, kuokoa karatasi, na mbegu itabaki 377, maana ameshaipenda.

377! Nikakaa kwenye R, nikajaribu. 88. Nikarudia mara kumi. Leo nimejaribu, asije mtu akasema sijifunzi.

Nikaenda kwa Phineas mbio. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu, feni yangu inampepea. Nikamwomba anirudishie 88, nimpe 41. Nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa tayari kutoa redio yangu ya kaseti. Akacheka, akasema redio ataichukua, lakini tikiti angebadilisha hata bure: "Ile namba wewe unatupa, Faki, ndiyo mimi nataka."

Maskini. Wabara wana imani za ajabu.

Nikitoka nilikutana na Rispa mlangoni, ameshika karatasi ya faksi, anatabasamu. Bwana Nguma amekubali kulipa, leseni imefika, na kura ya Lamu itapigwa kwa S. Nikampongeza kwa moyo mweupe. S, R, itanihusu nini? 377 ni 88. Nimeiona kwa macho yangu, na watu mia na ishirini ni mashahidi.

Nimemwambia Dhahabu aanze kufunga mizigo.