Kitambaa cha Kisanduku Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 9 Novemba 1953

Mvua. Koti linavuja begani. Dada Clotilde ameandika tena kutoka Limoges: mumewe anatafuta mtu wa kuuza misumari dukani, na Jumamosi dada atakuja Paris kunichukua kwa mkono wake mwenyewe, isipokuwa nimwonyeshe kazi moja, moja tu, niliyoimaliza kwa heshima. Miaka kumi na moja ya upelelezi, halafu misumari!

Saa nne mlango ukagongwa. Nikashusha kofia usoni, nikapandisha miguu mezani, kama wapelelezi wa sinema. Kwenye sinema huingia mrembo mwenye shela nyeusi. Kwangu akaingia Bi Roussille, mafua yamembana, kikapu cha vitunguu majani mkononi, akauliza kama ndiyo meza ninayolia chakula.

Shida yake ni mumewe, karani wa bima. Zamani alirudi nyumbani kula mchana. Tangu Septemba harudi, na jioni anaonja supu kijiko kimoja, anasema ameshiba. Bi Roussille akalia. Akasema kama kuna mwanamke mwingine, anataka kujua sasa, asije akawa wa mwisho mtaani. Nikamwambia yupo. Huwa yupo.

Wakati wa kushuka ngazi nikazuiwa na ufagio wa Bi Bizouard, bawabu wa jengo letu, anayepokea barua zetu na kusikiliza milango yetu. Akaniambia eti mwanamume akitoroka nyumbani saa sita, muulize njaa kwanza, mapenzi baadaye. Nani kamwomba ushauri? Mtu ambaye hajapata kupeleleza hata panya wa ghalani kwake.

Jumanne, 10 Novemba

Nimemfuata Bwana Roussille hatua thelathini nyuma, nikichungulia kwenye tundu la gazeti. Mvua ikalilowesha, likaniganda usoni. Mtoto akacheka. Mamaye naye akacheka, mtu mzima na akili zake.

Akaingia kwa Mama Hortense, mgahawa mdogo nyuma ya stesheni ya Mashariki. Pale mteja wa kila siku ana kisanduku chake ukutani, chenye namba, anamotunza kitambaa chake cha kufutia mdomo. Hukipati kwa kuomba; unakula miezi kwanza. Roussille akaenda namba kumi na nne kama anayefungua kabati la kwao. Akatoa vitambaa viwili. Viwili! Kimoja kina rangi ya midomo.

Mwenye cha pili alikaa nyuma ya nguzo ya makoti. Niliona kofia nyekundu tu. Kijana, bila shaka, na hatari. Nikaagiza nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa mvinyo, nisishukiwe. Nikaagiza sahani ya pili, nisishukiwe zaidi.

Alhamisi, 12 Novemba

Jana sikukuu, karani hakwenda kazini. Leo nimepata ushahidi, na nimetendewa ushenzi.

Nilifika mapema, nikapenyeza mkono namba kumi na nne, nikachukua kitambaa chenye rangi ya midomo. Kina herufi mbili zilizotariziwa, L.B. Vijiko vya mgahawa mzima vikasimama. Mama Hortense akanishika ukosi, akauliza kama kwetu sikufunzwa adabu. Mzee mmoja mbeba makaa akasema mke wa mtu ukimchukua mnaweza kukaa mkazungumza, lakini kitambaa cha mtu? Wengine wakaitikia kabisa, kama kanisani.

Nimepigwa marufuku maisha. Kofia yangu imebaki kule, ila kitambaa ninacho mfukoni. Nchi hii haiheshimu sheria.

Ijumaa, 13 Novemba

Nimempelekea Bi Roussille ushahidi nyumbani. Alikuwa mezani peke yake, meza imeandaliwa ya watu wawili. Akasema chakula kisiharibike, nikae mahali pa mumewe.

Vitunguu majani vilivyochemshwa tangu asubuhi. Chumvi hakuna, siagi hakuna. Kipande cha nyama ya ndama cha rangi ya kijivu, ambacho kilinishinda kwa meno na kwa kisu. Alipogeuka nikakitia mfukoni mwa koti.

Ndipo nikatandika kitambaa mezani. Hakupiga kelele. Akapitisha kidole juu ya zile herufi, akasema amezitarizi yeye mwenyewe. Léonie Barrat. Mama yake mzazi, mwenye miaka sabini na miwili, anayekaa ghorofa ya chini na ambaye tangu Septemba hapandi kula mchana kwa sababu ya meno.

Akanitazama. "Bwana Grimbert, wewe leo umekula kwangu. Niambie kweli, chakula changu kibaya?"

Mpelelezi hujua wakati wa kuwa muungwana. Nikamwambia, kitamu sana, mama, kwa hiyo tumeshafuta suala la njaa. Linabaki moja tu: mumeo na mama mkwe wake wanapendana.

Alikuwa akitazama mfuko wangu. Ulikuwa unadondosha mchuzi kwenye zulia. Akavaa koti, akachukua kitambaa, akatoka na kuniacha mimi mwenyewe nifunge mlango wa nyumba yake. Hata ahsante hakusema.

Jumamosi, 14 Novemba

Clotilde amefika. Nikampeleka kwa Mama Hortense aione kazi yangu kupitia dirishani: Bwana Roussille, bibi kizee mwenye kofia nyekundu, na Bi Roussille katikati yao, macho yamevimba, anakula na kufuta sahani kwa mkate. Mama Hortense amemsimamia, anamwonyesha kwa vidole kiasi cha siagi ya kutia. Nikamwambia dada, tazama, mume nimempata, mke ametulia.

Mbeba makaa akaniona. Wakatoka wote. Bi Roussille akamsimulia Clotilde nilichomsingizia mama yake, neno kwa neno. Bibi kizee ndiye aliyecheka zaidi.

Clotilde akanishika mkono, tukapitia sanduku langu, hakuniachia mpaka stesheni. Bi Bizouard alijitolea kubeba sanduku langu, huku akiimba. Unafiki mtupu.

Jumatano, 18 Novemba, Limoges

Siku ya tatu ya misumari. Wateja hapa hawajui hata wanachotaka.

Ila kuna jambo. Mchana Clotilde ametupikia kabichi, aliyoiinjika tangu alfajiri, haina chumvi, haina chochote. Shemeji Évariste akasukuma sahani, akasema hana njaa, akavaa kofia akatoka. Jana vilevile. Juzi vilevile. Akirudi shavu limenawiri na anapiga mluzi.

Maskini dada yangu, hashuku kitu. Mwanamume mzima, saa sita mchana, hana njaa? Kuna mwanamke. Kesho ninamfuata.